SINDANO NAYO INA HESABU YAKE

Hotuba ya Mwenyekiti katika kilele cha sherehe za kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii ya leo. Miaka 10 si mchezo. Vikundi vingapi vimeanza katika kata yetu hii, na vingapi vimekufa kabla hata ya kugawana mara ya kwanza? Sisi tulianza tukiwa 17 chini ya mwembe, tuna daftari moja na kalamu ya kuazima. Leo tuko 34. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu. Kwa miaka yote hiyo halijafunguliwa na mtu mmoja peke yake hata siku moja. Hiyo ni sifa yenu nyote.

Hesabu za akiba, hisa na mikopo mtazikuta kwenye taarifa ya Mweka Hazina katika kitabu hiki hiki. Historia yetu ameieleza Katibu na ameieleza vizuri. Sina haja ya kuyarudia. Mimi leo nimeomba nizungumzie kitu kimoja tu, nacho ni sindano.

Najua wapo watakaosema mwenyekiti ameishiwa maneno. Subirini kidogo. Mwezi ujao tuna mkutano mkuu, na kwenye ajenda imo kura juu ya Mfuko wa Kazi za Mikono. Ndani ya mfuko huo mna shilingi 1,400,000. Wapo wenzetu wanaotaka tuufunge, fedha tugawane, kila mtu apate chake, ambacho ni kama shilingi 41,000 kwa kichwa. Wanasema mashuka ya mashine yamejaa sokoni, yana maua ya kila rangi, bei yake mtu haumii. Nani tena atanunua shuka la kudarizi kwa mkono? Hoja yao ina uzito, wala siwadharau. Lakini kabla hatujanyoosha mikono, nataka tuijue vizuri hii kazi tunayotaka kuizika. Hata maiti huoshwa kwanza.

Akina mama wenzangu, kudarizi tumekukuta. Wengine tulifundishwa na bibi zetu barazani, wengine shule ya msingi kwenye somo la sayansi kimu. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na katika yote niliyojifunza shuleni, mshono wa mnyororo ndio ambao sijausahau mpaka leo. Bibi harusi gani wa hapa kwetu aliingia nyumbani kwake bila jozi ya mashuka na foronya zilizodariziwa? Vitambaa vya makochi, vitambaa vya meza, foronya zenye ndege wawili wanaotazamana, vyote hivyo vimepita mikononi mwetu.

Wageni wetu, hasa akina baba, nawaeleza kazi yenyewe maana mnailalia kila siku bila kuijua. Kwanza unachora ua kwa penseli, au unalipitisha kwa karatasi ya kaboni. Kisha kitambaa unakibana kwenye duara la mbao kikaze kama ngozi ya ngoma. Uzi wa kudarizi unakuja na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Unazitenganisha, unachukua mbili ukitaka kazi nyembamba au tatu ukitaka ua lijae. Shina unalitembeza kwa mshono wa mnyororo. Majani na petali unazijaza kwa mishono iliyolala ubavu kwa ubavu, bila kuacha mwanya na bila kuvuta sana, maana ukivuta kitambaa kinakunjamana. Ukitaka kumjua mdarizi hodari usitazame mbele ya shuka, ligeuze. Kwa mjuzi, nyuma nako ni kusafi, hakuna mafundo wala nyuzi zinazoning'inia.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni kikundi cha hesabu. Jozi moja ya mashuka na foronya zake, kitambaa ni shilingi 25,000, uzi ni 7,500. Jumla 32,500. Tumekuwa tukiuza shilingi 60,000. Inabaki 27,500, na sisi tunashangilia kwamba tumepata faida. Lakini jozi hiyo inachukua wiki tatu. Ukikaa nayo saa nne kila siku baada ya kumaliza kazi za nyumbani, hizo ni saa 84. Gawanya 27,500 kwa 84. Nilimpa mjukuu wangu agawanye, akaniambia, "Bibi, ni shilingi 327 kwa saa." Jamani, shilingi 327! Saa nzima ya macho na mgongo, na haifiki kikombe cha chai na chapati yake.

Hapo wenzetu wanaotaka tuufunge mfuko watasema, "Si ndiyo tunayosema?" Ngojeni. Miaka mitatu iliyopita alikuja mfanyabiashara mmoja, jina sitalitaja, akachukua jozi 12 kwa bei yetu hiyo ya 60,000. Tulimwona mkombozi. Baadaye binti wa mwanachama mwenzetu alizikuta mjini zikiuzwa shilingi 150,000 kila jozi, na hakuna mahali palipoandikwa zimetoka wapi wala nani kazidarizi. Alilijua shuka la mama yake kwa ndege wake, maana mama huyo hudarizi ndege mwenye mkia mrefu kupita kiasi. Basi tuelewane. Wanunuzi wapo, na bei ipo. Kinachokosekana ni jina letu na hesabu yetu, ndiyo maana bei inaishia kwa mtu mwingine.

Na sisi watu wa pwani tuna ushahidi kichwani kabisa. Tazameni kofia za akina baba. Kofia ya mashine unainunua kwa bei ya kawaida. Lakini kofia ya mkono, ile ya Zanzibar au ya Lamu, ambayo matundu yake madogo madogo yamezungushiwa uzi kwa sindano moja baada ya jingine, kazi ya miezi, bei yake ni mara nyingi zaidi. Na mwanamume anayejua kofia hadanganyiki, ataiinua kwenye mwanga na kuitazama ndani. Mashine zimekuja miaka mingi, na kofia ya mkono haijafa. Haijafa kwa sababu mnunuzi amefundishwa kutofautisha. Nani amemfundisha mnunuzi wetu wa mashuka? Hakuna.

Sasa nije kwenye habari iliyonifanya nisimame hapa. Katika semina ya wajasiriamali tuliyohudhuria sita kutoka kikundi hiki, mwezeshaji alituonyesha picha za kazi za akina mama wenzetu wa Afrika Kusini. Tangu siku ile nimeuliza, nimesomewa, na nimesoma mwenyewe pole pole. Nataka na nyinyi mwijue habari hii.

Kuna kijiji kinaitwa Hamburg. Si ule mji mkubwa wa Ujerumani. Hiki ni kijiji cha Waxhosa katika jimbo la Eastern Cape, pale mto Keiskamma unapoingia baharini. Kijiji maskini, ajira hakuna, wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta kazi. Mwaka 2000 alihamia hapo daktari mmoja ambaye pia ni msanii, anaitwa Carol Hofmeyr, akaanzisha mradi wa sanaa unaojulikana kama Keiskamma Art Project. Akina mama wakafundishwa kudarizi. Wengine hawakuwahi kushika sindano ya kazi hiyo. Walianza na vitu vidogo vya kuuza, kama sisi tulivyoanza na vitambaa vya makochi.

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nilipoliona picha yake nilishika kifua. Walidarizi historia ya watu wao, kuanzia wenyeji wa kale kabisa, vita na wakoloni waliowanyang'anya ardhi na ng'ombe, mpaka watu walipopiga kura ya kwanza ya haki mwaka 1994. Kitambaa hicho kina urefu wa mita 120. Mita 120 jamani! Ni zaidi ya uwanja wa mpira wa shule yetu kutoka goli hadi goli. Na kilipelekwa kutundikwa katika Bunge la Afrika Kusini, Cape Town. Watu wa kijiji ambacho hakuna mbunge aliyekuwa akikikumbuka, mkono wao ukaingia bungeni ukakaa ukutani.

Kazi hiyo waliifanya kwa kufuata mfano wa kitambaa cha zamani sana cha Ulaya, kinachoitwa kwa jina la mji wa Bayeux, Ufaransa. Hicho nacho kimedariziwa kwa mkono, uzi wa sufu juu ya kitani, karibu mita 70, kinasimulia jinsi Uingereza ilivyotekwa mwaka 1066. Kimeishi zaidi ya miaka 900. Mfalme aliyeshinda anajulikana, aliyeshindwa anajulikana, hata farasi wamo. Lakini waliokidarizi majina yao hayajulikani mpaka leo. Miaka 900 na zaidi, hakuna anayejua ni binti wa nani aliyekaa akachoma vidole vyake! Nilipolisikia hilo nilikumbuka mashuka yetu 12 yaliyouzwa mjini bila jina.

Hamburg hawakuishia hapo. Nyinyi mnakumbuka miaka ile ya tisini hapa kwetu, jinsi tulivyokuwa tukizika. Tulikuwa hatutaji ugonjwa kwa jina lake. Tulisema "kaumwa muda mrefu", basi. Kule kwao maradhi ya ukimwi yaliwapiga vibaya sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na dawa za kufubaza virusi katika hospitali za serikali zilianza kutolewa mwaka 2004. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wazee walibaki na wajukuu. Basi mwaka 2005 akina mama hao, zaidi ya 100, wakakaa pamoja wakadarizi msiba wao.

Walichukua mfano wa picha moja ya zamani iliyochorwa na mchoraji Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516. Picha hiyo ilikaa nyuma ya altare katika hospitali ya watawa huko Isenheim, wagonjwa wa maradhi mabaya ya ngozi wakawa wanaitazama wapate faraja. Ina milango kama kabati. Ukiifunga unaona Yesu msalabani, na ukiifungua unaona mengine, tena na tena. Akina mama wa Hamburg wakatengeneza ya kwao yenye milango vile vile. Lakini ukiifunga, katikati pale amekaa mama mjane katika nguo zake za msiba. Pembeni, mahali pa watakatifu, wamesimama akina mama wazee wa kijiji chao. Na ukifungua mpaka ndani kabisa, unakutana na bibi watatu, ukubwa wa mtu halisi, kila mmoja na wajukuu anaowalea.

Katika kikundi chetu wamo bibi wanne wanaolea wajukuu wasio na wazazi. Nimewaona siku ya hisa, mtoto mgongoni na elfu moja mkononi. Nani aliwahi kuwatundika ukutani?

Kazi hiyo ilisafirishwa. Mwaka 2006 ilionyeshwa katika kanisa kuu huko Toronto, Kanada, kisha Chicago, Marekani, na baadaye Los Angeles. Mwaka 2010 wakatengeneza nyingine kubwa, ukubwa sawa na ule mchoro wa Picasso wa mwaka 1937 unaolilia mji wa Guernica uliopigwa mabomu, kama mita 3.5 kwa 7.8. Katika ya kwao walitumia hata mablanketi makuukuu na nguo chakavu, wakililia wafu wao wa ukimwi. Na mwaka 2022 kazi zao za miaka zaidi ya 20 zilikusanywa pamoja katika maonyesho makubwa Johannesburg, pale Constitution Hill, palipokuwa gereza zamani na sasa ndipo palipo na Mahakama ya Katiba. Watu wakaenda kuzitazama.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mwenyekiti, kitambaa cha ukutani hakiliwi na ugali." Ni kweli, na sitaki kumdanganya mtu. Hamburg wenyewe hawali picha za ukutani. Mpaka walipofika huko waliendelea kutengeneza mito, mifuko na vitu vidogo vidogo vya kuuza, na walikuwa na wafadhili. Lakini kazi kubwa ile ndiyo iliyowapa jina. Mtu aliyeiona Toronto, siku akiuona mfuko wenye alama ya Keiskamma, hauulizi tena kwa nini bei yake si ya mashine. Kubwa inaitangaza ndogo, ndogo inailisha kubwa.

Tena kuna tahadhari, na mfano wake uko Marekani. Katika jimbo la Alabama kuna mahali panaitwa Gee's Bend, wanakoishi wajukuu wa watumwa. Akina mama wa huko walikuwa wakishona mifarishi, yaani shuka nzito za viraka, kutokana na nguo kuukuu za shambani, ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 1966 wakaanzisha ushirika wao katika eneo hilo. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na watu wakasema hii si mifarishi, hii ni sanaa. Mwaka 2006 ikachapishwa hata kwenye stempu za posta. Lakini mwaka 2007 baadhi ya akina mama hao walikwenda mahakamani wakidai hawakulipwa inavyostahili kutokana na kazi zao, na kesi hizo zikamalizwa kwa mapatano mwaka 2008. Mimi si hakimu, simhukumu mtu. Ninalolichukua pale ni dogo: sifa ikija bila maandishi huleta ugomvi. Makubaliano yaandikwe siku ya furaha, wakati bado tunacheka pamoja.

Akina mama wenzangu, baada ya maelezo hayo naleta mbele yenu mapendekezo matatu, ili mkutano mkuu uyapime.

La kwanza, kila kazi iwe na kadi ya saa. Tunavyoandika hisa kwenye kitabu, tuandike na saa za sindano. Umekaa saa mbili, andika mbili, mwenzako atie sahihi. Na saa moja tuipe bei ya shilingi 1,000. Turudi kwenye ile jozi ya mashuka: vifaa 32,500, saa 84 ni shilingi 84,000, jumla 116,500. Mtasema ni ghali. Lakini kule mjini zilikuwa zikiuzwa 150,000 na watu walinunua! Ina maana hata mchuuzi akitaka chake kidogo, nafasi ipo.

Na huo mfuko wa 1,400,000 tusiugawane. Unatosha kununua vifaa vya jozi 43. Tuseme biashara ni ngumu, tumeuza jozi 21 tu. Hapo akina mama waliozidarizi watakuwa wamepokea shilingi 1,764,000 za jasho lao, karibu nusu ya mtaji itakuwa imerudi sandukuni, na iliyobaki iko kabatini imekunjwa ikingoja harusi. Shuka halina mdomo wala haliozi kama nyanya. Linganisheni na shilingi 41,000 kwa kila mmoja, ambazo kwa wengi wetu zitaishia kwenye deni la duka kabla jua halijazama. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

La pili, kila kazi iwe na jina la aliyeidarizi na jina la kikundi, kwa uzi, kwenye upindo. Si karatasi ya kubandika, maana karatasi hubanduliwa. Mnunuzi wa jumla asiyetaka jina, asinunue. Na yeyote anayechukua mzigo mkubwa, tuandikiane karatasi ya makubaliano mbele ya mtendaji: bei gani, lini atalipa, na asiondoe jina. Wapo watakaosema wateja watakimbia. Atakayekimbia kwa sababu ya jina langu, alitaka nini na jina langu?

La tatu, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Napendekeza tudarizi kitambaa kimoja kisichouzwa. Kitambaa cha miaka 10. Tutumie marekani, ile ya kawaida ya dukani, kila mwanachama apewe nusu mita adarizi jambo moja alilolipata au alilolipitia ndani ya kikundi hiki. Mwenye kudarizi cherehani aliyoinunua kwa mkopo wa kwanza, haya. Mwenye kudarizi bati la nyumba yake, haya. Mwenye kudarizi ada ya mtoto, au siku aliyotozwa faini kwa kuchelewa akanuna wiki mbili, haya pia, tutacheka wote.

Sisi ni 34. Lakini vipande vitakuwa 37. Wenzetu watatu tuliowazika ndani ya miaka hii hatutawaacha nje. Mmoja alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale kituoni. Mmoja alikuwa mkunga wa jadi, na nusu ya watoto wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake. Na wa tatu ndiye aliyewafundisha wengi wenu hapa kudarizi, akawa anafumua kazi mbaya mbele yako bila kuuliza, na wewe unalia. Watoto wao tutawaita waje watuambie mama yao adariziwe vipi, na waliokuwa wakikaa jirani nao siku za mkutano ndio watakaovidarizi vipande hivyo.

Vipande 37 vya nusu mita tukiviunga pamoja tunapata mita 18 na nusu. Si mita 120, lakini ni zetu. Gharama yake ni ndogo, kitambaa na uzi tu, na saa zake hatutazihesabu kwa fedha. Hizo ndizo saa pekee ambazo sitaki zihesabiwe.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo ndipo nakugeukia wewe kwa heshima zote. Vikundi vingine hukuomba fedha, na wewe umezoea kuombwa fedha. Sisi leo tunakuomba ukuta. Ukumbi wa mikutano wa kata una kuta nne, na zote zina kalenda za zamani. Tunaomba ukuta mmoja, kitambaa chetu kitakapokamilika kitundikwe pale, ili mtu akija kusikilizwa shauri lake au kuchukua barua, aone kwamba katika kata hii kuna wanawake waliokaa miaka 10 bila kuibiana. Na watoto wa shule waletwe wakitazame, wauliziane, "Huyu ni bibi yako?"

Kwa akina baba nina neno fupi. Mke wako akikaa na sindano saa mbili jioni, usiseme amekaa bure. Mulize amefikisha saa ngapi kwenye kadi. Na taa usimzimie.

Kwa binti zetu mlioko hapa: najua simu inavuta, na siwakatazi. Simu hiyo hiyo inaweza kupiga picha kazi ya mama yako ikamfikia mnunuzi aliye mbali. Lakini njooni pia mkae kwenye mkeka mjifunze, maana wazee wanaondoka na mikono yao. Mshono hauandikwi ukasomwa ukaeleweka. Unaonyeshwa na mtu aliye karibu nawe, anashika kidole chako anakwambia, hapa legeza, hapa vuta.

Akina mama wenzangu, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka, si mwenyekiti. Mkiamua kugawana tutagawana kwa amani, na kila mtu atasaini kama kawaida yetu. Lakini mwende mkalipime hili nyumbani, mlale nalo. Tumejifunza kuhesabu shilingi mpaka tumekuwa hodari, wala hakuna wa kutudanganya kwenye riba. Tulichokuwa hatujahesabu ni mikono yetu wenyewe. Tuliiona kama maji ya mvua, ya bure tu. Sasa tuihesabu, tuiandikie jina, na kidogo chake tukiweke ukutani kibaki baada yetu.

Kwa niaba ya kamati yangu nawashukuru wote waliotusaidia kwa hali na mali kuifanikisha siku hii: waliopika, waliofunga maturubai, waliotuazima viti, na waliochangia kuchapa kitabu hiki. Katibu anayo majina yote na ameyaorodhesha mwishoni.

Mungu akibariki kikundi chetu, na atupe miaka mingine 10 yenye heri.